Manase Mara Mbili

Niliandikishwa shule nikiwa na jina la baba yangu mara mbili. Mwalimu aliuliza jina langu, akaandika. Akauliza jina la baba, na baba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi, akajibu, "Manase." Akauliza jina la babu. Baba akajibu, "Manase." Mwalimu akaweka kalamu chini akasema, "Mzee, nauliza baba yako wewe, aliyekuzaa." Baba akasema, "Nimesikia, mwalimu. Andika Manase." Mwalimu akaandika, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na baba yangu hakuwa na sura ya mtu wa kubembelezwa.

Ndivyo tulivyosoma pale Ngulyati, mimi na kaka yangu mkubwa, tukiitwa Manase Manase. Watoto walitucheka siku ya kwanza tu. "Manase Manase, wa tatu mmemficha wapi?" Mimi nilikuwa na mdomo, nikawajibu kwa maneno ambayo mama angeyasikia angenisugua ulimi kwa pilipili. Kaka alikuwa na ngumi. Alirudi nyumbani mara nyingi shati limechanika, na baba akimuuliza kisa nini, anajibu, "Walichezea jina letu." Baba hakumchapa kwa ugomvi wa namna hiyo. Alimwambia mama amshonee shati, basi. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba kaka yangu hakuwa mtu asiyejali. Alilipenda jina lile kuliko sisi wote. Ndiyo maana hadi leo najiuliza nilikuwa nikimtazama nani.

Sote tunajua majina ya nchi hii yanavyokwenda: la kwako, la baba, la babu. Akizaliwa mtoto, la babu linasogezwa nje na la kwako linaingia nyuma. Jina linaishi vizazi vitatu, kisha linatoka kimyakimya bila hata kuagwa. Wazungu wa misheni walikuwa na majina yasiyotoka, na baba aliyaonea wivu. Yeye alitaka Manase asitoke. Lakini kulirudia mara mbili hakukuwa ujanja wa misheni. Lilikuwa pengo amelifunika.

Baba yake aliondoka kwenda kukata mkonge pwani, baba akiwa mdogo kiasi kwamba hakumbuki sura, anakumbuka tu miguu ikipita mlangoni. Wanaume wengi wa Usukuma walikwenda huko miaka ile, wakarudi na baiskeli na mablanketi. Yeye hakurudi. Baadaye ikaja habari kwamba amefia kule. Nyanya hakuolewa tena. Alimlea mtoto wake kwa mjomba, naye mtoto akichunga ng'ombe ambao hata ndama mmoja hakuwa wake. Jina la yule mzee halikutajwa nyumbani kwetu. Mimi nimelijua kwa sababu nyanya alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho alikuwa akiliita, akidhani mimi ni mlango na kuna mtu anabisha.

Baba alikuwa kijana alipokwenda kwa mwinjilisti kubatizwa. Mwinjilisti alikuwa mtu wa mbali, hajui Kisukuma, na Kiswahili cha baba wakati huo kilikuwa cha kuombea maji na kuuliza njia. Wale waliokuwa wakijiandaa walisomewa majina, kila moja na maana yake, wachague. Ilipofika zamu ya Manase, mwinjilisti alieleza kwamba huyu, Mungu kamsahaulisha shida zake. Baba akasikia kwamba huyu, Mungu hakumsahau kwenye shida zake. Tamka haraka, huku umepiga magoti na njaa ya asubuhi tumboni, uone kama tofauti ni kubwa. Baba alinyoosha mkono. Hakutaka kusikia mengine yaliyobaki. Alikuwa amepata jina linalosema kwamba wapo wanaosahau, lakini Mungu hasahau, na kwa maisha yake yote yaliyobaki alilivaa hivyo.

Na alilitimiza. Alikumbuka kila mtu. Ukimtajia mtu wa Migato atakueleza mama yake alitoka wapi na aliolewa kwa ng'ombe wa nani. Msiba ukitokea, hata kwa watu waliotusengenya, yeye alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kila mkutano wa familia alisema neno lile lile: "Sisi ni Manase. Sisi hatusahau mtu." Tulikua tukijua hivyo kama tunavyojua jua linatokea wapi.

Nilipokwenda chuo cha ualimu nilianza kukutana na akina Manase wengine. Baba alikuwa ameniagiza niwatafute, akiamini kwamba mtu mwenye jina moja nasi hawezi kuwa mgeni kabisa. Niliwapata. Nilimpata Mgogo, nikampata Mpare, nikapata dada wawili Waha kutoka Kigoma. Kwa wengine lilikuwa la kwanza, kwa wengine la baba, kwa wengine liko mwisho kabisa, limeshika kwa kucha, kizazi kijacho halipo. Karibu wote walikuwa watoto wa makanisa ya Kiprotestanti. Wakatoliki niliosoma nao walikuwa na majina ya watakatifu na walituona sisi wa Agano la Kale kama watu waliochagua nguo kwenye sanduku la zamani. Kwetu Simiyu ukisikia majina ya watoto wa nyumba unaweza kujua ni kengele gani huwaamsha Jumapili. Hakuna hata mmoja kati ya wale akina Manase aliyekuwa ndugu yangu. Lakini nilipenda kuwasalimia, na baba alipenda kusikia habari zao nikija likizo. Aliwauliza mmoja mmoja kama wajukuu.

Mmoja wa wale dada wa Kigoma, baba yake alikuwa mchungaji, ndiye aliyenieleza. Nilikuwa nikijivuna mbele yake, nikasema jina letu maana yake ni Mungu hasahau. Akacheka, si kwa ubaya. Akaniambia ni kinyume. Ni la Kiebrania, na ndani yake kuna kusahau kwenyewe. Yusufu, yule aliyeuzwa na kaka zake akaja kuwa mkubwa Misri, alipopata mtoto wake wa kwanza alimwita hivyo kwa kushukuru kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake zote, pamoja na nyumba ya baba yake. Msahaulishaji, ndiyo maana yake. "Na nyumba ya baba yake?" niliuliza. "Na nyumba ya baba yake," akasema.

Nilikaa na neno hilo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike. Nilijua sitamwambia baba. Kwa faida gani? Mzee ameishi vizuri ndani ya kosa lake, na kosa lake lilikuwa zuri kuliko usahihi wa watu wengi. Lakini siri inawasha, na mtu pekee niliyeona anaweza kuibeba pamoja nami alikuwa kaka. Nilimwambia likizo ile, tukipalilia pamba. Alicheka hadi akaegemea jembe. Kisha akasema, "Baba asijue, mdogo wangu. Tutamuua." Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekwambia wewe." Nilimpenda sana siku ile.

Ikaja enzi ya ruksa, kisha soko huria. Sisi tuliokulia kwenye ushirika tulijua pamba ina mlango mmoja: chama, mizani ya chama, na kusubiri. Ghafla milango ikawa mingi. Makampuni yakaja na magari yenye vipaza sauti, kila kampuni na posti yake ya kununulia pamba, posti mbili zikitazamana barabarani kama wake wenza. Hata pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini, ambayo zamani karani aliigeuzia uso, ilipata mnunuzi. Vijana waliojua kusoma, kuhesabu na kuongea wakawa mawakala. Kaka alikuwa na vyote vitatu. Akahamia Bariadi mjini, akapata pikipiki, akapata mke mpole aliyetupenda, na msimu wa pamba alikuwa akipelekwa upande wa Malampaka, ambako marobota ya pamba hupakiwa kwenye treni.

Alibadilika kidogo kidogo, na mimi, nikiwa mwalimu Migato, nilikuwa nikimwona kwa vipande. Alianza kutokuja Ngulyati wakati wa kupanda. Alianza kumwita baba "yule mzee." Siku moja nilimfuata posti, nikasikia wakulima wanamwita kwa jina la ukoo ambalo silo letu. Nilidhani sijasikia vizuri. Palikuwa na kelele, na mashine ya kusaga ilikuwa karibu. Nilijiambia ni jina la utani la biashara. Mtu akitaka kudanganywa na ndugu yake hahitaji msaada mkubwa.

Baba yeye alikuwa akisubiri kitu kimoja tu. Hakuwa na mali ya kugawa. Mashamba yake yalikuwa ya kawaida na ng'ombe wake ungeweza kuwaita wote kwa pumzi moja. Alichotaka kabla ya kufa ni kusikia mjukuu wake wa kwanza wa kiume akiitwa Manase. Kwetu babu ndiye hupewa mtoto wa kwanza wa mwanawe, na jina humrudia. Kwa namna hiyo jina lililokuwa linakaribia kusukumwa nje lingerudi mbele, lianze safari upya. Mke wa kaka aliposhika mimba, baba alianza kumwombea mtoto kwa jina hilo, kama vile ameshamwona. Akazaliwa wa kiume. Baba alinunua shati.

Jumapili ya kumleta mtoto kanisani, baba alitoka Ngulyati alfajiri kwa baiskeli, mbuzi amefungwa nyuma akilalamika njia nzima. Mimi na mama tulipanda gari la mizigo. Kanisani mzazi husimama mbele na mtoto, na babu husimama kando yake, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto wakati jina linatajwa. Baba alisimama. Shati lilikuwa na mikunjo ya dukani bado. Mchungaji akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?" Kaka yangu akataja jina.

Sitaliandika. Kwetu halikutajwa, na mimi bado ni mtu wa nyumba ile. Lilikuwa jina la yule mzee wa mkonge. Mchungaji alilirudia kwa sauti kubwa ili watu wa nyuma wasikie, na likasikika hadi nje. Nilimtazama baba. Mkono wake ulikuwa bado uko juu ya kichwa cha mtoto. Hakuuondoa. Aliuacha pale hadi sala ikaisha, akasema amina, akarudi kukaa, na mama akashika kiwiko chake kama mtu anayeshika chungu chenye ufa.

Nyumbani kwa kaka kulikuwa na pilau na soda na wageni wa biashara. Walipopungua, tukabaki sisi tu barazani, baba akauliza, bila hasira, "Jina lile umelitoa wapi?"

"Ni la babu, baba."

"Babu yako alifia kwenye mkonge."

"Hakufia kule." Kaka alikuwa anatazama sahani yake. "Alirudi. Alishuka Malampaka, akakaa pale pale. Akaoa. Ana watoto, wadogo zako, wana maghala nyuma ya stesheni. Amekufa msimu uliopita. Nilikuwepo kwenye mazishi."

Mama akasema, "Mayu wane," mama yangu, basi. Baba akarudia polepole, "Ulikuwepo kwenye mazishi."

"Nilimkuta akiwa mgonjwa, baba. Alinipokea. Wote wamenipokea. Kule nikitaja jina lile, wakulima wananiletea pamba kabla sijafungua mizani. Wanamjua, alikuwa mtu mkubwa. Nikisema Manase wananiuliza, huyo ni wa wapi?"

Hapo nilisimama. Nilimwambia mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyasema, tena barazani kwa mtu. Nilimwambia amemjua baba wa baba yake akiwa hai, amekula naye, amemzika, na hakuona haja ya kupanda pikipiki kuja Ngulyati kumwambia mwanaye. Nilimwambia amewauza watu wake kwa maghala. Nilimwambia hastahili jina letu.

Naye akainua macho, si kwangu, kwa baba. "Jina letu? Unajua maana yake, baba? Si Mungu hasahau. Ulidanganywa, au hukusikia. Manase ni kusahau. Ni kuisahau nyumba ya baba yako. Umejiita hivyo mara mbili na ukatuita na sisi. Aliyesahau ni wewe. Mimi nimekumbuka. Muulize mwalimu wako, yeye ndiye aliyeniambia."

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kusingiziwa kazini, na mwanaume mmoja aliwahi kuniacha nikiwa nimeshatangaza harusi. Hakuna kati ya hayo lililonipata kama lile la barazani pale, nikisikia neno nililompa kaka yangu shambani likipita juu ya kichwa changu kwenda kumpiga baba. Lakini kilichoniuma zaidi, na bado kinaniuma, ni kwamba lilikuwa kweli, na lilimfaa kila mtu pale. Lilimfaa yule mzee aliyeshuka kwenye treni akaona hapa panatosha. Lilimfaa kaka. Na ukitaka kuwa mkali, lilimfaa baba pia, ambaye alijenga nyumba nzima juu ya kutolitaja jina moja.

Baba akanigeukia. "Mayu," akasema, yaani mama, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelezwa bei. Kisha akamuuliza kaka swali moja tu. "Alijua tulipo?"

Ningependa kaka yangu angedanganya. Alikuwa amedanganya kwa misimu kadhaa bila kuchoka, na hapo, mahali pekee ambapo uongo ungekuwa heshima, akasema ukweli. "Alijua. Alikuwa anauliza habari zako kwa watu wa mnadani. Alijua mpaka majina yetu."

Kutoka Malampaka hadi Ngulyati mtu mwenye baiskeli anafika siku hiyo hiyo, na sote pale barazani tulikuwa tunaifanya safari hiyo kichwani, tukiifanya kwa niaba ya mtu ambaye hakuifanya.

Kaka yangu na mimi hatusemezani. Tunakutana misibani, tunasalimiana, "Mwangaluka," "Mwangaluka," kila mtu anatafuta kivuli chake. Watu wananishauri nisamehe, wengine wananiambia kwamba amerudisha jina la ukoo, kwamba ametuunganisha na ndugu zetu. Ni kweli. Baba alikwenda Malampaka baadaye, akaonyeshwa kaburi, akapewa chai na wadogo zake, na ni watu wema. Sina neno nao. Mimi mwenyewe niliolewa, na watoto wangu wana majina ya upande wa baba yao. Manase ataishia kwangu na kwa kaka, na kaka ameshamwacha.

Lakini siku ile barazani hakuna aliyejua amalizie vipi. Ndipo mke wa kaka, ambaye alikuwa ndani akimnyonyesha mtoto na hakusikia hata nusu ya yaliyosemwa, akatoka akitabasamu. Alifanya anavyofanya mkwe mwema: alipiga goti mbele ya baba, akamweka mtoto mikononi mwake, akangoja. Alikuwa anangoja amwite. Kwetu mtoto aliyepewa jina la baba yako ni baba yako. Hata awe mchanga wa wiki, hata umchukie aliyempa, humwiti kwa jina na humwiti mjukuu. Unamwita baba, na ukishamwita ndiyo umempokea.

Baba yangu hakuwahi kumwita mtu yeyote hivyo. Mjomba aliyemlea alimwita mjomba. Mwinjilisti alimwita mwalimu. Alimtazama yule mtoto, mashavu yakiwa bado yana maziwa, midomo yake ikawa inajaribu neno kama mtu anayejaribu jino bovu, na mke wa kaka akamtia moyo, "Haya, babu, mwite." Kaka alikuwa ameanza kulia. Mimi sikulia.

"Bhabha," baba alisema. Akamsogeza karibu na uso wake. "Bhabha, mbona hukuja?"